Kidau cha yoti: jinsi ya kuchagua cha makasia na tanga

Jahazi halisafiri bila mtoto wake. Juu ya shehena, au nyuma kikiburutwa, utakuta hori au kidau cha kupelekea nanga, kuletea maji na kuni, na kuwashushia watu. Yoti ina haja ileile. Waingereza hukiita chombo hicho dingi, neno ambalo ukilitaja mbele ya vijana wa Nairobi watadhani unamsema baba yako, kwa hiyo hapa nitakiita kidau.

Mimi nilianza kuwa mkali juu ya vidau siku mashine iliponizimikia katikati ya mkono wa bahari wa Kilifi, maji yakitoka. Nilikuwa kwenye boti la mpira la yoti niliyokuwa nikiitunza, na makasia yake yalikuwa mawili mafupi ya aluminiamu, yamewekwa ili yaonekane tu. Nilivuta mpaka kileti kimoja, kishikizo cha kasia ukingoni, kikang'oka. Maji yalikuwa yananipeleka mlangoni, kwenye mawimbi. Aliyeniokoa ni mzee aliyekuwa anarudi kutoka kuvua na mtumbwi wake wa mwembe. Alinifunga kamba, akapiga kafi mpaka kwenye yoti, wala hakuonekana kuchoka.

Basi mwongozo huu ni wa mwenye yoti ya mita 8 hadi 12 anayetaka kidau kigumu, cha kuvuta makasia kila siku na kupandisha tanga siku ya kujifurahisha. Nafuata mpangilio huu: malazi yake juu ya yoti, ufuo, mzigo, kisha mali, umbo, makasia, na tanga baada ya hayo yote. Wanunuzi wengi huanza na tanga kwa sababu ndilo linalopendeza kwenye picha.

Panda sitahani na futi ya utepe

Mahali pa kulaza kidau kwa kawaida ni pawili: juu ya paa la chumba nyuma ya mlingoti, au sitaha ya mbele kati ya mlingoti na omo, yaani ncha ya mbele ya chombo. Pima urefu, upana na kimo. Kimo ndicho kinachosahauliwa. Kidau kilichopinduliwa huinuka sentimita 45 hata 50, na mti wa chini wa tanga kuu lazima upite juu yake bila kukigusa unapobisha, yaani unapogeuza tanga upande kwa upande kuukabili upepo. Nawe ukiwa umeshika usukani lazima uone mbele. Angalia kwamba milango ya juu ya vyumba bado inafunguka, mkono wa winchi unazunguka mzunguko mzima, na mtu anaweza kupita ubavuni usiku wa upepo bila kuruka viunzi.

Usiishie kwenye namba. Funga fito za mikoko au mianzi kwa umbo la kidau unachokitamani, zilaze mahali pake, kisha nenda safari ya siku nzima nazo. Nilifanya hivyo mwaka mmoja kwa ajili ya kidau cha mita 2.7 nilichokuwa nimekipenda sana. Kabla ya adhuhuri nilikuwa nimejua kwamba kingeziba mlango pekee wa kutokea mbele kama moto ungewaka jikoni. Fito zilikuwa za bei ya chai na mandazi.

Yoti nyingi za mita 9 zitakupa nafasi ya mita 2.1 hadi 2.4, zaidi ya hapo ni bahati. Kama unahitaji kidau kirefu zaidi kuna cha vipande viwili, kinachokatika katikati, kipande cha omo kikalala ndani ya cha tezi, yaani cha nyuma, kama bakuli ndani ya bakuli. PassageMaker, muundo wa kampuni ya Chesapeake Light Craft ya Maryland, Marekani, ina urefu wa mita 3.5 na huuzwa pia kwa namna hiyo. Gharama yake ni boliti za kufunga na kufungua, na ukuta wa katikati unaokula nafasi ya miguu.

Joshua Slocum, aliyeizunguka dunia peke yake kwa yoti yake Spray kuanzia 1895 hadi 1898, alikuwa na shida hiyohiyo. Mashua nzima haikuenea sitahani. Akachukua mashua iliyotupwa ya aina ya dori, akaikata kwa upana, akaziba kwa mbao pale palipokatwa. Nusu ile aliinyanyua kwa omo kwa kamba ya tanga, na safarini akaitumia kufulia nguo na kuogea. Watu hulisimulia hilo kwa kicheko na kuliacha la pili. Spray ilipopanda mchanga kwenye pwani ya Uruguay, alipeleka nanga kwa nusu-mashua hiyo, ikajaa maji, ikapinduka, naye hakujua kuogelea. Alipona kwa kung'ang'ania ukingo mpaka akaweza kuirudisha. Kuenea sitahani na kubeba mzigo ni mambo mawili, na kidau chako lazima kifaulu yote mawili.

Kukining'iniza nyuma kwa mikono ya chuma ni raha bandarini. Baharini, wimbi linalotoka nyuma hukijaza. Na masika yakinyesha usiku, maji ya sentimita 10 tu ndani ya kidau chenye sakafu ya mita za mraba 2 ni kilo 200 zinazovuta boliti zako. Kwa hiyo akining'inizaye aache tundu la chini wazi. Kukiburuta kwa kamba ndani ya ghuba hakuna neno. Kukiburuta kuvuka mkondo wa Pemba wakati wa kusi, msimu wa upepo wa kusini, ni kukiaga.

Ufuo wako ukoje?

Vitabu vingi vya vidau vimeandikwa na watu wanaoshukia kwenye gati zinazoelea. Kwetu bamvua, maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, hupanda na kushuka karibu mita 4, na mwambao ni bapa. Unashuka maji yakiwa yamejaa, unafunga kamba kwenye mnazi, unakwenda sokoni. Unarudi maji yakiwa yametoka, unakuta kidau kimelala mchangani, na bahari iko kule, nyuma ya mwani na mawe. Siku hiyo ndipo uzito wa kidau unapokuwa jambo la kwanza kuliko yote.

Kipimo changu: mtu mmoja wa kawaida anaweza kunyanyua omo na kukiburuta kidau cha kilo 30 hadi 35 kwenye mchanga, hatua chache, apumzike, aendelee. Kwenye kilo 50 utatafuta wa kukusaidia, na pwani wasaidizi wapo, lakini kila siku si Jumapili. Ukiweka mashine ndogo ya nguvu ya farasi 2.5 umeongeza kilo 17 hivi, bado petroli. Magurudumu mawili ya kukunja kwenye tezi hupunguza taabu hii kwa kiasi kikubwa. Yawe mapana, kwa kuwa membamba huzama mchangani, yakawa jembe.

Halafu kuna kinachokwaruza: matumbawe, chaza walioshika mizizi ya mikoko, vyuma vya gati la zamani. Chini ya kidau panataka mifupa miwili ya kuburuzia, ya mbao ngumu, iliyofungwa kwa skrubu ili ikiisha ubadilishe. Na kama ufuo wako unapigwa na mawimbi ya kusi, utataka omo iliyochongoka na ukingo ulioinuka. Ndani ya Mtwapa, Kilifi au Tanga, ambako yoti hulala kwenye maji matulivu, hilo lisikusumbue sana.

Hesabu mzigo mbaya zaidi

Usihesabu siku ya picnic. Hesabu siku ya kujaza maji na chakula ukiwa na mgeni. Watu 3 wa kilo 75 ni 225. Madumu mawili ya lita 20 ya maji ni 40. Mchele, nazi, mboga na mtungi mdogo wa gesi, sema 25. Jumla kilo 290, na kidau hakijahesabiwa. Kwa mzigo huo ukingo ubakie angalau sentimita 20 juu ya maji ndani ya bandari, na zaidi pale penye mawimbi. Vidau vingi vya mita 2.4 vinavyotangazwa kuwa vya watu wanne huwabeba wanne kweli, mradi maji yawe kioo na asitokee wa kupiga chafya.

Kazi nyingine ya kidau ni kupeleka nanga ya pili. Amari, yaani kamba ya nanga, ya nailoni ya mita 50, mnyororo wa mita 10 na nanga ya kilo 15 vikae tezi huku wewe unavuta makasia dhidi ya upepo. Ikiwa tezi ni nyembamba itazama na omo itapaa, ukawa unazungushwa na upepo kama jani.

Mpira, faiba, plaiwudi au plastiki

Boti la mpira lina sifa zake, na siwezi kuzikana. Halipinduki ovyo, halikwaruzi rangi ya yoti, na mpiga mbizi hupanda ndani yake bila shida. Lakini makasia yake ni ya kubahatisha, upepo hulisukuma kama puto, na jua letu hulila. Yale ya PVC ndiyo huanza kunata na kuachia gundi mapema. Ya Hypalon, aina ya mpira bandia, hudumu zaidi na bei yake iko juu. Ukishaamua kuvuta makasia kila siku, limejiondoa lenyewe.

Faiba ndiyo inayofahamika zaidi. Fundi wa kuiziba yupo karibu kila mji wa pwani, na kidau kilichochakaa hurudi kuwa kipya kwa resini na mkeka wa nyuzi za faiba. Kasoro ni uzito, na kwamba faiba yenyewe huzama. Kuna tukio la 1972 linalonifanya niipe heshima. Yoti Lucette ya familia ya Robertson kutoka Uingereza ilitobolewa na nyangumi wauaji magharibi ya visiwa vya Galápagos, ikazama kwa dakika. Watu sita waliingia kwenye boti la mpira la kuokolea maisha na kidau chao cha faiba cha futi 9, Ednamair. Boti la mpira lilidumu siku 17 tu. Siku zilizobaki waliishi ndani ya kidau, wakakitwika tanga, mpaka siku ya 38 meli ya Wajapani ya kuvulia jodari ikawaokota wote sita wakiwa hai. Sisemi kidau kichukue nafasi ya boti la kuokolea. Nasema kilichokuwa kigumu ndicho kilichofika.

Plaiwudi ya baharini ya milimita 6, au hata 4, ikipakwa epoksi ndani na nje na kuimarishwa kwenye maungio kwa kitambaa cha faiba, hutoa kidau chepesi kuliko vyote. Kidau kiitwacho Eastport Pram, cha mita 2.4, kina uzito wa kilo 28 hivi. Tena ni kazi inayowezekana nyumbani: vipande hushonwa kwa waya, maungio hujazwa epoksi, waya huondolewa. Kwa namna hiyo ndivyo kidau Mirror kilivyoenea Uingereza tangu miaka ya 1960, kikiungwa na watu wasiowahi kushika randa, ndani ya gereji na sebule. Adui ni plaiwudi ya duka la vifaa vya ujenzi. Kata kipande, kichemshe saa moja, kikaushe, kichemshe tena. Tabaka zikiachana ndani ya sufuria zitaachana na baharini. Na tundu lolote la skrubu lisilozibwa kwa epoksi ni mlango wa kuoza.

Plastiki nzito ya polithini, kama Portland Pudgy inayotengenezwa Maine, haijali kugongwa. Hicho cha mita 2.3 kina kuta mbili na kimeundwa kiwe pia chombo cha kuokolea maisha, lakini ni kilo 58, nawe umeshaona hesabu ya ufuo. Polithini haishiki gundi wala rangi, ikipasuka huchomelewa kwa moto na fundi anayejua. (Lamu wameunda dau zima la plastiki iliyookotwa, Flipflopi, likashushwa majini 2018, kwa hiyo mafundi wanaojua wapo.)

Mimi kwa yoti iliyoko pwani yetu ningechukua plaiwudi na epoksi kama nina fundi mwangalifu, na faiba kama sina.

Omo ya kuchongoka au ya kukatwa?

Kidau cha omo iliyokatwa, yaani bapa mbele na nyuma, huwakera wapenda uzuri. Lakini katika mita 2.3 hakuna kinachokishinda kwa kubeba. Omo iliyochongoka hupoteza nusu mita ya urefu kwa ajili ya ncha isiyobeba kitu. Chini ya mita 2.5 chukua ya kukatwa, mradi ubao wa mbele uwe umeinuka juu ya maji hata kidau kikiwa na mzigo, la sivyo utakuwa unasukuma ukuta. Juu ya mita 2.8 iliyochongoka huanza kulipa, hasa kwenye mawimbi madogo ya mkato.

Urefu wa majini ndio unaoamua mwendo. Kidau chenye mita 2.2 majini hugonga ukuta wake kwenye noti (maili za baharini kwa saa) 3.6 hivi, chenye mita 3 kwenye 4.2, hata ukivuta mpaka mshipa utokeze shingoni. Kwa nguvu ya kawaida utakwenda noti 2 hadi 2.5. Ukijua mkondo wa mahali pako hutoka kwa noti 2, umeshajua saa za kushuka na saa za kungoja.

Sakafu bapa husimama imara unapokanyaga kutoka kwenye yoti, ila hupiga maji kwa kelele usiku, pah pah pah, ukiwa umelala. Ya mviringo huenda vizuri na huyumba ukiikanyaga ubavu. Yenye mbao tatu kila upande ni maafikiano mazuri. Iwe ipi, angalia kama chini ya tezi kuna mkuku mdogo, ubao mwembamba uliosimama. Bila huo kidau hakishiki njia. Kila pigo la kasia hukigeuza, na kikiburutwa hutangatanga kulia na kushoto nyuma ya yoti.

Makasia: hapa usibane pesa

Nimeona watu wakilipa maelfu ya dola kwa kidau na kukivuta kwa makasia yaliyofaa kupikia ugali. Pima hivi. Chukua umbali kati ya kileti na kileti, gawa kwa mbili, ongeza sentimita 5 ili vishikio vipishane kidogo. Hiyo ndiyo sehemu ya ndani ya kasia. Sehemu ya ndani iwe sehemu 2 kati ya 7 za kasia zima. Mfano: vileti vimeachana sentimita 110. Nusu ni 55, ongeza 5 ni 60. Zidisha kwa 7, gawa kwa 2, unapata 210. Kasia la mita 2.1, na linalala ndani ya kidau cha mita 2.4 bila kutokeza.

Kileti kikae sentimita 30 hivi upande wa tezi kutoka ukingo wa nyuma wa bao unalokalia, na juu ya bao kwa sentimita 15 hadi 20. Kikiwa chini zaidi ya hapo kishikio kitakugonga mapaja, kikiwa juu utavuta kwa mabega. Weka pia kijiti cha kukanyagia, kwa sababu asiye na pa kukaza miguu huvuta kwa mikono tu, na mikono huchoka kabla ya dakika kumi.

Omba seti mbili za mashimo ya vileti. Ukiwa peke yako unakaa katikati. Abiria akikaa tezi, unahamia bao la mbele, vinginevyo omo inapaa. Vidau vingi vya dukani vina seti moja tu, na huo ni ubahili wa shilingi chache. Vileti viwe vya shaba nyeusi au chuma kisichoshika kutu, vimefungwa kamba, kwa kuwa vya kudumbukia vitadumbukia. Kishwara cha kamba kwenye kigingi, kama cha mashua zetu, kinafanya kazi vilevile, wala hakilii.

Mbao ya makasia iwe nyepesi na yenye nyuzi zilizonyooka. Kishikio kisipakwe vanishi. Kiache mbao tupu, vanishi hutoa malengelenge. Tena chonga pengo la nusu duara juu ya ubao wa tezi. Siku mkono mmoja umeumia, au mahali ni pembamba kati ya mitumbwi, utapeleka kidau kwa kasia moja la nyuma.

Tanga, sasa

Kidau kikishafaulu hayo, ndipo uulize kuhusu tanga. Sharti langu ni moja na linaondoa mengi: kila mti wa tanga hilo uenee ndani ya kidau. Mlingoti wa mita 4 juu ya sitaha ya yoti ni kero utakayoichukia kabla ya mwezi kwisha.

Tanga la foromali (mti wa juu unaobeba tanga), lenye pembe nne, ndilo linalokidhi vizuri zaidi. Mlingoti mfupi unachomekwa kwenye bao bila kamba za kuushikilia, foromali inapandishwa kwa henza moja, kamba ya kupandishia, umemaliza. Baharia wa mashua hana la kufundishwa hapo. Nutshell Pram, iliyochorwa na Joel White wa Marekani katika urefu wa futi 7 na inchi 7, na futi 9 na inchi 6, hutumia tanga la jamii hiyo, na kwa maoni yangu ndiyo sura nzuri kuliko zote za kidau kidogo. Mirror ina foromali inayosimama karibu wima, na miti yake yote huenea ndani ya mita zake 3.3. Optimist, aliyoichora Clark Mills huko Florida 1947 na inayofundishia watoto dunia nzima, ina mti wa kukingamia tanga kutoka chini ya mlingoti mpaka pembe ya juu.

Kuhusu Optimist niongeze, maana zilizochoka hupatikana kwa bei nafuu na watu huzinunua kwa kazi hii. Ni mita 2.36, kilo 35, omo ya kukatwa, uzito unaofaa kabisa. Kwa mtu mzima mmoja na mfuko wa sokoni inatosha. Kwa wawili ni chombo cha kuombea dua. Nafasi ya kuvutia makasia haikufikiriwa, itabidi uongeze vileti na kuimarisha ukingo.

Mita za mraba 3.3 hadi 4 za tanga zinatosha kidau cha mita 2.4. Hakikisha kuna mstari wa kupunguzia tanga, kwa kuwa upepo wa matlai wa asubuhi ni kitu kimoja na kusi ya saa tisa alasiri ni kingine. Mti wa chini wa tanga upite juu ya kichwa cha mtu aliyekaa, au tanga lisiwe na mti huo kabisa.

Linalouma ni ubao wa kati, ule wa kuzamishwa ili kidau kisiende kombo. Kisanduku chake kinasimama mahali hasa ambapo mvutaji makasia anataka kuweka miguu, na ndipo kidau kinapoanza kuvuja. Ukiburuta kidau, maji huruka kupitia tundu hilo kama bomba. Dai kifuniko kinachobana. Njia nyingine ni ubao unaoning'inizwa ubavuni, kama wa mashua za Uholanzi: sakafu inabaki nzima, ila ubao unahama upande kila unapobisha. Kwa kidau cha kazi naupendelea huu wa ubavuni.

Usukani uwe na jani linaloinuka likigusa mwamba. Lisiloinuka huvunja pini siku ya kwanza ya maji ya kina kifupi.

Kijaze maji kabla hakijajazwa na bahari

Lita moja ya foamu ngumu hushikilia takriban kilo moja majini. Kidau cha faiba cha kilo 45 hakihitaji lita 45 ili kisizame, kwani faiba ikiwa ndani ya maji huwa kama theluthi ya uzito wake. Lakini unataka kielee na wewe ndani, ukifua maji, yaani kuyachota na kuyatupa nje, na ukingo ukiwa juu ya uso wa bahari. Kwa hilo nataka lita 150 au zaidi, zimegawanywa kwenye pembe: omo, na mbavu mbili za tezi. Ikiwa zote ziko chini ya mabao ya kukalia katikati, kidau kitajigeuza.

Foamu ifungwe ndani kabisa, au itumike mifuko ya hewa inayoonekana. Visanduku vya hewa vya plaiwudi viwe na vifuniko vya kukagulia. Bila vifuniko hujaa jasho, mbao ikaoza, nawe hujui.

Siku ya kukijaribu

Usinunue kidau kilichoko nchi kavu. Mwenye nacho akikataa kukishusha majini, mshukuru kwa chai na uende zako. Akikubali, tumia nusu siku.

Kinyanyue peke yako. Panda ndani yake kutoka kwenye gati au chombo kingine, ukikanyaga katikati, halafu kwa makusudi ukanyage karibu na ukingo uone kinakutupa au kinakusamehe. Vuta mita 500 dhidi ya upepo, ukiwa peke yako. Rudia na watu wawili na madumu yaliyojaa, na uangalie nyuma yako kama tezi inaburuta maji. Acha makasia uhesabu kinateleza mpaka wapi. Kidau kizuri huendelea mbele urefu wake mara kadhaa, kibovu husimama papo hapo. Kisha jirushe majini na ujaribu kupanda kwa tezi. Ukishindwa ukiwa umeshiba na jua likiwaka, usiku hutaweza.

Mwisho kijaze maji mpaka ukingoni, ukae ndani, ukifue kwa ndoo. Ikiwa maji yanaingia kupitia kisanduku cha ubao wa kati kwa kasi kuliko unavyoyatoa, umeona dosari ambayo hakuna tangazo linaloitaja.

Kama ni kuukuu, gonga chini yote kwa ncha ya kisu cha mezani: faiba iliyoachana hutoa sauti butu, plaiwudi iliyooza huingiza ncha. Angalia zaidi mguu wa mlingoti, pini za usukani, na pembe ambapo ubao wa tezi unakutana na mbavu.

Vya kuongeza kabla ya kukitumia

Kamba ya omo iwe na urefu wa mita 8 angalau, na kwa mwambao wetu 12 si nyingi. Ile fupi itakuacha huna pa kufunga maji yakishuka. Jicho la kuburutia lifungwe chini, karibu na maji, ili omo iinuke. Ndani weka upo wa kuchotea maji au ndoo iliyofungwa kwa kamba, kasia la akiba au kafi, nanga ndogo yenye kamba ya mita 20, tochi isiyoingia maji na jaketi la kujiokolea kwa kila kichwa. Kwa kukipandisha sitahani, funga kamba ya miguu mitatu, miwili kwenye pembe za tezi na mmoja omo, uiunge kwenye henza ya yoti. Mtu mmoja na winchi wanatosha. Ukingo wote uzungushwe bomba la mpira lililopasuliwa au kamba nene, la sivyo rangi ya yoti itakuwa na historia ya kila mgeni aliyekuja.

Kipake rangi usiyoweza kuisahau, mbaya kadiri inavyowezekana, kwa maana kidau kizuri cheupe huibwa. Na usiandike juu yake jina la yoti. Kikionekana kimelala ufuoni na jina hilo, kila apitaye anajua ni chombo gani kule majini ambacho muda huo hakina mtu.